Radi Ndani ya Mahesabu Yangu

S.L.P. 97,
Kasulu, Kigoma.
16 Februari, 2025

Mpendwa kaka Nduwayezu,

Amahoro! Baridi ya Kanada inakuacheni salama? Kifua chako kimepona? Huku tu wazima. Mama wiki hii yuko Busunzu anapalilia maharage. Asiyetulia ni mimi.

Uliniuliza kazi yangu na kile chuo cha ng'ambo. Kuna mawimbi ya nguvu ya uvutano yanayotufikia toka kila upande wa anga kwa pamoja, hafifu kuliko kelele za mtambo wowote. Basi tunachukua takwimu za mitambo miwili ya kuyanasa, iliyo mbali mmoja na mwingine, tunazilinganisha. Kelele za mtambo mmoja hazifanani na za mwingine. Kinachojitokeza kote kwa wakati mmoja ndicho tunachokitafuta.

Mwezi uliopita kilijitokeza! Niliruka jikoni hadi Mama akadhani nimeumwa na siafu. Kiongozi wetu, Profesa Josué, akaanza kuandika ripoti, akaniahidi nafasi ya uzamivu.

Wiki iliyofuata radi ikapiga hapa, redio ya jirani ikakwaruza. Raha ikaniisha. Radi za dunia nzima hutikisa sumaku ya dunia, na mtikisiko huo hufika kwenye mitambo yote miwili. Nikachukua vipimo vya sumaku vilivyorekodiwa kando ya mitambo, nikalinganisha. Ilikuwa radi tu, kaka.

Siku tatu nilifungua kompyuta na kuifunga. Nikamwambia Mama kwamba nikisema, huenda masomo yakapotea.

"Kwani hao wenzako hawana macho?" akauliza. "Wakiiona hiyo radi wao kwanza, utawaambia nini?"

Nikamtumia Josué niliyoyaona. Siku nne nilitembea uani mpaka kuku wakanizoea. Ya tano akapiga simu.

"Ripoti nimeifuta," akasema. "Na nafasi yako ilitegemea ripoti ile, Theodosia. Sina ya kukupa mwaka huu. Ila kuanzia sasa, chochote kitakachojitokeza kitapita kwako kwanza."

Sijui nicheke au nilie. Nimeshaondoa mchango wa sumaku na kuanza upya. Hadi leo ni kelele tupu, na bado siwezi kuondoka mezani.

Nisalimie shemeji Arielle na watoto. Shangazi Pelagia wa Murungu anakukumbuka sana. Imana, Mungu wetu, akurinde, akupe na mapafu mapya.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikikosa usingizi,
Theodosia