Ndagala Zilizokuwa Zimekauka

Furaha, mjukuu wangu uliye Moba,

Hapa Kalemie tumeamka vizuri. Mama yako amerudi kutoka hospitali, anakunywa dawa zake, na jana alichagua mchele akiimba. Wenzako wakicheka kwamba una bibi wa miaka thelathini, waambie mama yako ni mtoto wa yaya, dada yangu mkubwa.

Unauliza kama ugonjwa wa akili wa mama yako utakupata na wewe, kwa kuwa siku hizi hulali na unakwepa rafiki zako. Mama yangu pia alikuwa nao. Nilipokuwa na miaka kumi na tano, majirani walinichunguza kila nilipocheka peke yangu, nikaacha kucheka. Usingizi ukanipotea, nikaficha.

Asubuhi moja ufukoni niligeuza ndagala, zile dagaa za ziwani tulizoanika, mpaka zikavunjikavunjika. Yaya akanishika mikono.

"Mudogo wangu, hizi zimekauka tangu jana. Unatafuta nini?"

"Usingizi, yaya. Naogopa ndio naanza kuugua kama mama."

Hakushtuka. "Basi twende kwa muganga wa hospitali, wote wawili. Hizi zilizovunjika tutazitwanga."

Sikuugua kama mama, ila siwezi kukuahidi hivyo. Ninachokumbuka ni ile mikono, na ninaitamani hata leo, tangu tulipomzika yaya.

Panda boti ya Jumamosi. Nitakuwa bandarini kabla haijafika, na hospitali tutaenda wote wawili.

Bibi yako,
Riziki