Mwandiko wa Barua ya Tawi

Kisarawe,
14 Novemba 1982

Mpendwa Kaka Thadeo,

Shikamoo, na Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini hamjambo hapo Ruvu, wewe, wifi Petronila na watoto. Mama anawasalimu, tumeanza kung'oa mihogo ya bondeni. Mimi ni mzima wa mwili tu.

Kaka, najua uliapa kutokanyaga nyumbani mpaka Baba aache pombe. Majibu ya hospitali yamekuja. Si pombe. Daktari wa Dar amenieleza kuwa ni saratani ya chembe nyeupe za damu, aina waiitayo T, ambayo ni nadra sana kukaa kwenye ubongo. Yake imekaa huko. Kule kuyumba, kusinzia vikaoni, kumwita rafiki yake Mzee Mwishehe kwa jina la marehemu babu, yote ni ugonjwa huo.

Vidonge vya kwanza vilimsimamisha, akashika jembe, na Mama akaomba misa ya shukrani. Wiki tatu tu, mguu wa kushoto ukakataa tena. Daktari hadhani kama Baba atafika Pasaka. Mzee Mwishehe huja kila siku kumtania, eti balozi gani huyu analala mchana kama paka wa msikitini. Baba hucheka, kisha humuuliza yeye ni nani.

Sasa nikwambie lililonikaa rohoni. Ile barua ya tawi la chama iliyomvua Baba ubalozi wa nyumba kumi kwa ulevi, niliiandika mimi. Mwenyekiti aliniomba kwa kuwa nimesoma. Alisema Baba huonekana amelewa mara mojamoja. Mimi nikaandika kwamba hulewa kila siku. Sikuwahi kumwona na kikombe. Aliyumba mbele ya walimu wenzangu, nikaona aibu.

Barua hiyo anailalia chini ya mto. Kila asubuhi hunipa nimsomee, na kila asubuhi ni habari mpya kwake. Huniambia hanywi, na kwamba mimi ni shahidi wake. Jana aliitazama sana, akasema mwandiko ni mzuri, nimtafute mwandishi aje amsaidie kujibu.

Jibu nimeliandika. Jumamosi nitalisoma mwenyewe mbele ya kikao cha tawi. Njoo kabla hajakusahau na wewe. Ukifika, mimi usinipe mkono kwanza, mpe yeye.

Wabusu watoto.

Mdogo wako,
Benedikta