Sifuri ya Getini

Nyumba za Walimu,
Mlango wa tatu kutoka bomba la maji,
Jumanne, 16 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Magoti yanasemaje? Ile dawa ya kuchua niliyompa shemeji akuletee imefika, au ameifanya yake? Na kikohozi cha mjomba, bado kinaamsha majirani? Nijibu moja moja, usinifanyie kama mara iliyopita, ukaandika "hatujambo" ukafunga bahasha.

Sisi wawili hatujambo. Hii ni wiki ya tisa tangu ndoa yetu, na bado kila asubuhi namtazama mume wangu kama mtu aliyeokota kitu cha thamani barabarani, anaogopa mwenyewe atakuja kukidai. Shangazi, ananichemshia chai! Mkuu wa shule mzima, tai shingoni, anapuliza jiko. Ameanza kuniita Chiriku kama wewe. Nimemwambia jina hilo lina mwenyewe, akasema ataandika barua ya kuomba kibali. Nampenda mpaka najionea haya.

Ila utaona mwandiko wangu umelala. Unakumbuka nilipokuwa mdogo nilivyokuwa nikikalia mguu mpaka unakufa ganzi? Ndivyo nilivyo moyoni wiki mbili hizi. Furaha naiona ipo, kama nilivyokuwa nauona mguu, lakini nikiigusa si yangu. Acha nikueleze.

Mume wangu yuko kwenye mafunzo ya wakuu wa shule, na huko wanafundishwa utafiti-tendaji. Nilidhani ni mambo ya maprofesa, kumbe ni ya mtu yeyote aliye kazini. Unachukua tatizo la hapo hapo kwako, unajaribu dawa, unapima, unajiuliza umefanya nini, kisha unajaribu tena. Mtafiti ni wewe, na anayechunguzwa ni wewe pia. Hilo la pili ndilo tulilolisahau.

Tatizo alilochagua ni uchelewaji. Dawa yake: geti lifungwe saa moja na nusu kamili, atakayelikuta limefungwa arudi kwao. Mlinzi wetu hapatani na kalamu, kwa hiyo nikajitolea kukaa getini na daftari. Ufunguo nao nikapewa mimi.

Wiki ya kwanza waligonga geti wanafunzi thelathini na saba. Ya pili, tisa. Ya tatu, sifuri. Mlinzi akanipigia saluti: "Mama Mkuu, mumeo kiboko! Siku hizi hata mbu hachelewi." Tukachora chati kwenye karatasi kubwa, mimi nimeshika rula, yeye anapaka rangi, tunacheka kama watoto.

Mkufunzi wake aliirudisha ripoti ikiwa na maneno mawili tu pembeni, kwa wino mwekundu: "Wamekwenda wapi?"

Mume wangu aliyasoma, akaweka kikombe chini. Tukaenda ofisini, tukatoa madaftari ya mahudhurio ya madarasa yote, tukalinganisha na langu, jina kwa jina. Wengine walikuwa wamejirekebisha kweli, sikatai. Lakini kumi na mmoja hawakuchelewa tena kwa sababu hawakuja tena. Kila mwalimu wa darasa alikuwa akiweka alama ya utoro kwenye daftari lake, mimi naandika sifuri kwenye langu, na hakuna aliyewahi kuyaweka madaftari hayo meza moja.

Jina la nane, nilimjua mwenye jina kabla sijamaliza kulisoma. Ni msichana wa kidato cha tatu, anabeba vitabu kwenye mfuko uliofungwa kwa kamba ya kiatu. Alikuja wiki ile ya pili, dakika nne zimepita. Alishika nondo za geti akasema, "Samahani mama, nilikuwa namlisha bibi." Na mimi, Shangazi, nilikuwa nimetoka kupokea kikaratasi kutoka kwa mume wangu, kaandika kwamba gauni la kijani limenipendeza. Nilikuwa natabasamu. Nikamwambia, "Kesho uwahi, mpenzi," nikafunga. Kwa sauti tamu kabisa. Nikaandika jina lake, nikarudi kusoma kikaratasi changu.

Sijalia. Napika, nafua, nacheka mahali pa kucheka. Hakuna kitu.

Tuliwafuata nyumbani wote kumi na mmoja. Kumi wakarudi. Yule msichana alitusikiliza mlangoni, mikono ina povu la sabuni. Bibi yake amepooza upande mmoja, na mama yake yuko zamu ya usiku, hafiki nyumbani kabla ya saa moja na nusu. Mume wangu akamwambia, "Hukukosa wewe. Geti lile nililifunga mimi." Akajibu, "Asante, mwalimu," kwa adabu zote, akarudi ndani. Hakusema atakuja, wala hakusema haji.

Ijumaa kulikuwa na kikao cha walimu. Makamu wake alishamwonya: "Mkuu, ukisimama kusema umekosea, Jumatatu nani atakutii? Dawa ya uchelewaji ni fimbo, hayo mengine mapambo." Nilikuwa nagawa chai mume wangu aliposimama. Alibandika chati yetu ubaoni, akasema sifuri ile ni ya uongo, na aliyeitengeneza ni yeye. Kisha mwalimu wa hisabati, ambaye hajawahi kukubaliana na mume wangu hata juu ya rangi ya chaki, akauliza, "Haya, sasa tunajaribu nini?" Walikaa mpaka saa kumi. Geti libaki wazi, mchelewaji aandikwe muda na sababu, aingie darasani bila adhabu, na mwisho wa mwezi wazisome sababu hizo pamoja. Makamu alitia saini wa mwisho, anaguna.

Nilijua kwamba ninayoiona pale ni fahari. Sikuihisi.

Jana nilikaa getini tena. Ufunguo nimemrudishia mlinzi. Saa mbili kasorobo, hayupo. Saa mbili, hayupo. Saa mbili na dakika ishirini nikaona kamba ya kiatu. Alisimama nje, ingawa geti liko wazi, anasubiri ruhusa.

"Nimechelewa, mama."

"Ingia, mwanangu. Sababu?"

"Nilikuwa namlisha bibi."

"Amekula nini?"

"Uji. Leo ameumaliza."

Nikaandika yote, mpaka uji, mpaka kuumaliza. Nafasi ya sababu ni ndogo, nikaingia mstari wa chini. Kwa hiyo hesabu ya wachelewaji imepanda, Shangazi, na mume wangu ameichora hivyo hivyo, inapanda.

Nisalimie mjomba, binamu mwenye maneno kuliko mimi, na huyo shemeji arudishe dawa ya watu. Mungu akupe magoti ya kupandia ngazi zetu, uje uone nyumba yangu, maana chai ya mume wangu haipelekwi kwa bahasha.

Ulikuwa ukiniambia nisiupige mguu chini, nisubiri, kwamba ganzi inapotoka huuma kwanza. Jana mchana, nikiosha vikombe vya walimu, ilianza kuuma.

Mwanao akupendaye,
Chiriku