Sanduku Limepasuka Mashine Ikiwa Imezimwa

Mwenda bro, mko poa huko Nchiru? Huku Embu ni manyunyu na baridi, lakini mimi nachemka hadi kalamu inatoboa hii kadi!

Lile sanduku letu la betri ya pikipiki, la katani na gundi, limepasuka hapa maabara kabla mashine ya kulitetemesha kama barabara mbovu haijawashwa! Fundi wa kupima alikaza bolti akilalia spana ni kama anafunga chuma. Nikamwambia, "Boss, pole pole, hiyo si chuma!" Akacheka. "Msichana, kitu inaogopa spana itawezana na barabara ya Siakago?" Halafu akaandika kwa ripoti ati mtetemo ndio umelivunja. Mtetemo gani? Na watu wa boda wa Siakago wanangoja hiyo ripoti ndio wanunue!

Nikakataa kusaini. Nikakalia kiti yake na chapati yangu mkononi, nikamwambia sitoki mpaka tupime sanduku la pili tulilokuja nalo, na bolti nikaze mwenyewe. Amenuna, lakini spana amenipa.

Niombee, Mwenda, maana na hizi hasira naweza kukaza kumshinda. Msalimie Mama sana, mwambie nakula.

Dadako, Kinya