Medayi za Bati Zilizonyeshewa Mvua

Kasongo, mutaa wa mafundi, nyuma ya soko

Yaya Mwamini, dada yangu mukubwa uliye kijijini Wamaza,

Anayekuandikia ni mutu ambaye bila yeye Kasongo yote, kuanzia wazee wa musikiti mpaka wauza samaki, isingekuwa na kitu cha kuvaa kifuani mwaka huu wa kupiga kura. Sisemi hivyo ili kujisifu. Wanaosema ni watu, mimi nasikia tu nikipita.

Muguu wako wa kushoto unaendeleaje, ule unaovimba wakati wa kupalilia? Mupunga umetoka vizuri, ao ndege wameumaliza? Na yule munyapara wa pamba, bado anatembea mashambani akiwakaripia kama vile yeye ndiye aliyepanda? Mimi niko muzima. Kikohozi kimekwisha. Nimenenepa kidogo na watu wanasema inanifaa.

Nimeshika kalamu kwa sababu katika barua yako, ile uliyoandikiwa na katekista, uliuliza habari ya medayi ya bati niliyokutumia, yenye sura ya kijana wa Kizungu na pini mugongoni. Unasema wamama wa kanisa wanabishana yule ni mutakatifu gani. Tena najua watu wa Wamaza waliokuja hapa kwenye mitingi ya chama wamerudi na maneno. Wanasema mimi Ramazani nimewavalisha wazee wa Kiislamu pombe. Wale walisimama nyuma kabisa, Yaya. Mimi nilikuwa mbele, ngoja nikueleze.

Tuanze na kijana. Si mutakatifu, ni mufalme wa Wabeleji. Waambie wamama wasimuwashie mushumaa. Unakumbuka zamani medayi ilikuwa ya chifu peke yake, nzito, ya shaba, inaning'inia kwa munyororo. Serikali ilimupa, na akikosa iliichukua. Mutu wa kawaida kujitundikia kitu kama kile alikuwa anatafuta fimbo. Halafu mufalme akaja kutembelea Kongo, na maduka yakaleta hizi nyepesi, za mutu yeyote. Mimi nilikuwa Stanleyville siku ile. Alipita karibu nami kama kutoka kitandani kwako mpaka mulangoni, akaniangalia, kisha akageuka na kumusemesha mukubwa mumoja wa serikali. Sikusikia neno, lakini najua alikuwa anauliza yule pale ni nani.

Asili yenyewe ya medayi hizi nilielezwa na Mugiriki wa duka la pembeni ya soko. Yeye anazikusanya. Amezipanga ukutani kwenye kitambaa cheusi: za mbio za baiskeli, za sabuni, za maonyesho makubwa ya Bruxelles, na hakuuzii hata moja. Anasema Wamerikani walipopata mukubwa wao wa kwanza walitengeneza vifungo vya shaba vya kumusifu, vifungo vya kweli vya koti, wakavishona. Miaka mingi ikapita, wajukuu zao wakachoka kushona. Wakachukua bati la muviringo, wakalilazia karatasi yenye picha, juu ya karatasi wakaweka ngozi laini inayoonyesha kama maji, wakabana pembeni kwa pete ya bati, nyuma wakatia waya wa pini. Tangu hapo, anayetaka kura anaanza kwa kupanda kwenye vifua vya watu. Nilimwambia Mugiriki kwamba mimi nilikuwa nimekwisha kufikiri hivyo hivyo. Nilifungua moja kwa kisu nikaona hakudanganya.

Sasa kuna jambo ambalo sijakuandikia bado. Iko mujane mumoja hapa, jina lake Zaituni, anapika vitumbua karibu na musikiti. Nataka kumuoa. Nilipomugusia hakukataa, hakukubali, alisema tu, "Mimi nina kaka." Kaka yake ni Muzee Athumani, mwenye duka la vitambaa, ukoo wa Waungwana wa Kasongo tangu babu wa babu. Mimi ni fundi wa taa na ndoo niliyetoka Wamaza na jembe begani. Na mwaka huu Muzee Athumani ndiye prezida wa chama chetu hapa. Kwa hiyo ukiona nimejiingiza kwenye mambo ya chama, ujue mulango nilioutafuta ni upi.

Sanduku la medayi za chama lilitumwa kutoka Léopoldville, zenye uso wa kiongozi wetu. Likakwama Kindu, na mitingi ya Jumamosi imekaribia. Komite ikakaa barazani kwa Muzee Athumani, wote wamenuna. Wale wa chama kingine walikuwa wanatembea sokoni na medayi zao zinang'aa kama sahani za arusi.

Nikasimama. "Muzee, medayi ni nini? Ni bati na karatasi. Niachie mimi."

"Utaziweza, fundi?" akauliza.

"Kabla ya Jumamosi mutazivaa, na mutasahau kama kuna sanduku."

Akaniangalia kwa heshima, Yaya. Zaituni alikuwa nyuma ya pazia, nilisikia bangili zake zikiacha kulia.

Nyumbani nikaona kwamba kukata bati, kukunja na kulehemu pini kwa watu wote wale hakuwezekani kwa siku zilizobaki. Hapo akili yangu, ambayo unaijua, ikafanya kazi. Yule Mugiriki ana baa pia, na nyuma yake kuna lundo la vizibo vya bia, bati safi, muviringo tayari. Ndani ya kila kizibo kuna kiduara cha koki, lile gamba laini la muti linalozuia bia isitoke. Unaking'oa kile kiduara, unaweka kizibo mbele ya nguo, unakisukuma kiduara kutoka ndani ya nguo, kinakamata nguo kwa nguvu. Hakihitaji pini. Picha za kiongozi nilizikata kwenye karatasi za chama, nikazibandika juu kwa uji wa muhogo. Zikapendeza. Kama Wamerikani wangezijua, wasingehangaika na ngozi laini.

Wakazivaa wote. Wazee wa musikiti, kanzu nyeupe, mustari wa mbele, na uwanja umejaa watu wa Kabambare, Wamaza mpaka Lusangi. Prezida alikuwa katikati ya hotuba mvua ikaanguka. Haikuwa mvua ya kuondoa watu, ilikuwa ile ya kuchuruzika pole pole. Uji wa muhogo ukalainika. Kiongozi wetu akaanza kuteleza kwenye vifua vya wazee, anashuka kidogo kidogo, anafika tumboni, anaanguka kwenye matope. Na chini yake ikatokea alama ya bia, nyekundu, inang'aa.

Wa kwanza kuona alikuwa kijana wa chama kile kingine. Akasema kwa sauti ya mutu anayeagiza, "Prezida, na mimi nifungulie moja ya baridi."

Mwingine: "Mwacheni, leo ni zamu ya imamu kununua."

"Kumbe ndiyo maana mitingi yao inachelewa kuisha."

Watu wakacheka mpaka wengine wakakaa chini kwenye maji. Imamu, ambaye macho yake hayaoni mbali, akainama akanusa kifua chake, akauliza, "Nani amekunywa hapa?" Maana koki inashika harufu, Yaya, na ikilowa inaitoa. Jambo hilo sikulifikiri. Mimi sijawahi kuvaa kizibo.

Wazee waliondoka kwenda kufua kanzu kabla ya sala ya alasiri. Muzee Athumani hakunipigia kelele. Alikuja mpaka niliposimama, akachomoa kizibo chake, akakiweka kwenye kiganja changu, akakunja vidole vyangu juu yake. "Ramazani," akasema, "hii ni yako." Basi.

Kesho yake nilikwenda kununua kitumbua ambacho sikuwa na njaa nacho. Zaituni hakuinua macho kwenye kikaango.

"Kaka amesemaje?" nikauliza.

"Kaka hasemi. Anafua. Kanzu imefuliwa tangu jana na bado anainusa."

"Mvua ndiyo iliyoniharibia."

"Mvua ilibandika bia?" Akageuza kitumbua. "Mutu anayesema uongo, kaka yangu anaweza kumusamehe, ni mufanya biashara. Mutu aliyemufanya anuke baa mbele ya imamu, sijui. Na mimi siolewi nyuma ya mugongo wake, ujue hivyo."

"Nitazitengeneza upya."

"Tengeneza, basi. Usimame hapa wateja wangu wapungue?"

Sikulala njaa siku hiyo, maana alinipa viwili. Lakini nilirudi nyumbani nimeamua. Kulikuwa na mitingi nyingine kabla ya kura. Nilijiambia kwamba Ramazani wa Wamaza hawezi kuachwa na mwanamuke kwa sababu ya koki.

Nikatafuta makopo ya maziwa matupu kwa wamama wa mutaa, nikayasugua kwa majivu. Nikachonga kalibu ya muti mugumu ya kukunjia bati. Waya wa pini niliutoa kwenye mbavu za miavuli iliyokufa, nikaunoa kwenye jiwe. Ngozi laini ndiyo iliyonitesa. Mugiriki aliniambia inatoka Ulaya tu. Nikaenda kwa fotografe anayepiga picha za vitambulisho, nikamuomba filamu zake za zamani. Nyumbani nikazichemsha kwenye maji ya soda ya kufulia na kuzisugua na kitambaa mpaka sura za watu zikatoka zote, ikabaki ngozi tupu inayoonyesha. Sura za polisi, makarani, bibi arusi, wote wamekwenda na maji. Nikakata, nikabana, nikalehemu. Za kwanza ziliingiza maji pembeni, nikazitupa. Zilizofuata pini zilivunjika, nikaanza tena. Vidole vyangu vimeungua, kidole gumba hiki ninachoshikia kalamu bado kina lengelenge. Majirani waliuliza kwa nini sitengenezi taa zao. Niliwajibu wakae gizani kwanza.

Zilipokuwa tayari, sikuzifunga kwenye kitambaa. Nilizitia kwenye beseni lenye maji tangu alfajiri, na saa ya chai nikabeba beseni kichwani, maji yakinitiririkia shingoni, nikapita nalo katikati ya soko. Wale waliocheka vizibo wakauliza, "Ramazani, leo unauza samaki?" Sikuwajibu, na wewe unajua kutojibu kwangu ni kazi gani.

Muzee Athumani alikuwa barazani na imamu pamoja na wazee wengine wa komite. Nikalitua beseni mbele ya miguu yake. Kiongozi wetu alikuwa chini ya maji, ametulia, anatuangalia sote.

"Ziko humo tangu alfajiri," nikasema.

Akaingiza mukono, akatoa moja, akaipangusa. Akaisugua uso kwa ukucha. Picha haikusogea. Akaigeuza, akavuta pini, akairudisha. Halafu akaipeleka puani. Imamu akanyoosha shingo. Muzee akanusa upande wa mbele, akanusa upande wa nyuma, akampa imamu. Imamu akanusa sana.

"Maziwa," akasema imamu.

"Maziwa," Muzee Athumani akakubali. Akaichukua, akaichoma kwenye kanzu yake, ile ile, upande wa moyo. Wengine wakaanza kuingiza mikono kwenye beseni.

 Sasa medayi zangu zinatafutwa. Sanduku la Léopoldville lilifika baadaye na watu waliliangalia kidogo tu. Mugiriki mwenyewe ameweka moja yangu kwenye kitambaa chake cheusi, kati ya mufalme na sabuni. Ninakutumia moja pamoja na barua hii. Itumbukize kwenye ndoo mbele ya wale waliorudi na maneno, waione.

Wazee walipoondoka, Muzee Athumani alinizuia. Pazia la mulango halikutikisika. Akasema, "Fundi, mutu habebi maji kichwani sokoni kwa ajili ya chama peke yake. Kuna neno lingine unataka kuniambia?"

Nilimujibu kwa njia ambayo bado anaifikiria mpaka leo.

Lakini Yaya, desturi ni desturi, mambo haya yanataka mudomo wa mwanamuke mukubwa wa ukoo. Mama hayuko, wewe ndiye mama. Panda kamyo ya mupunga mpaka Kabambare, ukae kwa binamu yetu muuza chumvi, ukamate kamyo nyingine ya Kasongo. Vaa kile kitambaa cha kijani. Muguu ukikusumbua, mwambie dereva akukalishe mbele, umutaje Ramazani, wananijua njia nzima.

Nisalimie shemeji Kalonda, mume wako mwenye kunyamaza, simulaumu tena kwa yule mbuzi wangu aliyemupoteza. Nisalimie mwipwa wangu Sakina, musuka mikeka, mwambie mjomba wake ni mutu wa kutangazwa. Nisalimie baba mudogo Lubunga anayetunza nyumba ya marehemu baba, na katekista anayekusomea barua, ila hapa chini asisome kwa sauti, akunong'oneze.

Yaya, mimi niliyeangaliwa na mufalme, Muzee aliponiuliza kama kuna neno, ulimi wangu ulikauka kabisa. Nilitazama juu, nikaona taa yake imetundikwa barazani. Nikasema, "Muzee, naona taa yenu inavuja mafuta." Akaitazama, akaitazama sana, akaishusha, akanipa. Nyuma ya pazia mutu alicheka. Nimekaa na taa hii mezani wiki nzima, Yaya, na haina kosa lolote. Siwezi kuirudisha peke yangu. Uje upesi, maana pale kwao wanakaa gizani.

Ni mimi mudogo wako,
Ramazani