Mfuko Namba Kumi na Saba

Jumapili, 6 Aprili 2025

Mahona muuza samaki kaja kutoka Lamadi. Nimempa ndimu kumi — kitongoji kizima mndimu ni wangu peke yangu. Kisha nikampeleka kuona mtama wa Jenipha, binti wa dada yangu, mtafiti. Anachanganya mtama wetu mwekundu na mweupe wa mbali, apate mbegu yenye protini nyingi. Masuke yanachanua, kila moja limevikwa mfuko wa karatasi. Nikamwambia Mahona, ukila kisahani cha mtama huu unabeba ndama begani. Nilishabeba. Hakuamini. Nikamfunulia suke moja, namba 17, ambalo Jenipha analitegemea kuliko yote. Pini ya mfuko ilipotelea majanini, nikabana na mwiba wangu wa kuchokolea meno. Umeshika kuliko pini.

Jumatano, 9 Aprili

Jenipha katoka shambani hana raha. Mjomba, kuna mtu kafungua mfuko. Chavua ya shamba lingine ikiingia, hatujui tena baba wa mbegu ni nani. Misimu mitatu imekwenda!

Ni Mboje. Mtama wake umepakana na huu. Juzi kaniuliza, Kulwa, mtama wako unaona baridi mpaka uvae kofia? Mwenye nia njema haulizi hivyo. Mimi nilichofungua nilifunga. Basi yupo aliyefungua baada yangu. Darasa la sita niliishia, lakini hesabu hiyo naiweza.

Nimempelekea habari Nkinda, kamanda wa sungusungu.

Alhamisi, 10 Aprili

Mboje kanipita bila hata salamu ya mwangaluka. Anajua.

Jioni kainama pale mpakani. Eti anafunga ndama. Kamba sikuiona.

Jumamosi, 12 Aprili

Dagashida. Baraza zima la sungusungu limekaa, Mboje kasimamishwa katikati. Akipatikana na kosa anatengwa — hasalimiwi, hachoti maji kisimani, akifiwa anazika mwenyewe. Nilisema yangu kwa sauti. Nikaongeza kwamba nilimwona na kisu. Kisu, sina hakika.

Kisha Jenipha kaitwa. Kasema mfuko ulioguswa ni mmoja tu, namba 17. Pini haikuwepo. Ulibanwa na hiki — katoa mwiba mrefu, ncha imetafunwa. Nkinda kaunusa. Mwiba wa mndimu. Kauliza, mndimu uko kwa nani?

Mboje ndiye kajibu, taratibu tu: si ni kwa Kulwa, kila siku anatuambia.

Nkinda kasema tupumzike kidogo, watu wanywe maji. Mboje hajaletewa. Bado kasimama juani, hakuna aliyemwambia akae.

Naandika hapa kwenye gogo. Jenipha kaja kukaa pembeni yangu, daftari lake wazi gotini. Haniangalii. Anauliza, mjomba, ulifungua siku gani, saa ngapi? Anataka kuandika.

Ni mara ya pili anauliza. Nkinda anaita turudi.