Macho Yangu, Lori Lako

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie. Hamjambo huko, wewe, wifi na watoto? Mimi mzima, cherehani inaunguruma kutwa, na wateja hawaishi kuniulizia nguo zao.

Nasikia umeambiwa kwamba nimepofuka. Waongo wakubwa hao! Kweli, nilikuwa naona matundu mawili kwenye sindano moja, na suruali ya mwalimu mkuu niliikunja pindo mguu mmoja juu, mwingine chini. Kila mara nabadilisha miwani, kumbe tatizo si miwani. Daktari alinieleza kwamba konea, kile kioo cha mbele ya jicho, ilikuwa inakonda na kuchomoza kama ncha ya yai. Akaniuliza kama nina mazoea ya kufikicha macho. Nilicheka, maana nilikuwa nayafikicha palepale mbele yake.

Walinitia matone ya vitamini, kisha wakanimulika kwa taa ya buluu ili konea ikaze, isizidi kuharibika. Siku za mwanzo jicho liliwaka moto, nikalia kama mtoto. Daktari hakunificha kwamba matibabu yale huzuia tu, hayarudishi kilichokwisha kuharibika. Lakini nikivaa lenzi ngumu nilizopewa, zile za kubandika juu ya jicho lenyewe, natunga uzi mwenyewe bila kubahatisha.

Sasa nikupe la moyoni. Daktari aliniuliza habari za ndugu zangu, kwa kuwa ugonjwa huu hutembea katika familia. Nikakukumbuka wewe. Ulipokuja mara ya mwisho ulilalamika kwamba usiku taa za magari zimeota masharubu, na miwani mipya haisaidii kitu. Nilikusihi ukapime, ukaniambia nisikutie nuksi, bosi akisikia utafukuzwa kazi.

Basi bosi nimemwambia mimi. Huenda barua hii ikakukuta ameshachukua funguo za lori. Amesema hutashika usukani mpaka ulete cheti cha daktari, na baada ya hapo hakuniahidi lolote. Nilipokata simu nililia, lakini sijutii. Nakupenda, na barabarani kuna watoto wa watu.

Nimekuombea nafasi kwa daktari Jumatatu ijayo asubuhi. Najua umefura kwa hasira. Usihangaike kunijibu, panda basi uje unigombeze ana kwa ana, nami nitakusikiliza mpaka mlangoni kwa daktari.

Wanao wape salamu za shangazi yao. Wifi naye mshukuru, usimkasirikie: namba ya bosi alinipa yeye.

Ni mimi dada yako,
Mama Cherehani